Ole Evinrude, fundi aliyetuachia moteri ya hors-bord na swali la bei yake

LIKASI – Samaki wanaouzwa katika masoko ya Likasi hutoka pande nyingi. Wengine ni wa Ziwa Tshangalele, lile lililotokea baada ya mto Lufira kuzibwa kwa bwawa la Mwadingusha. Wengine huletwa kutoka Luapula na Ziwa Moero kupitia Kasenga na Pweto, au kutoka upande wa Bukama na maziwa ya Upemba. Kabla ya kupandishwa kwenye lori, samaki hao husafiri kwanza majini, na mara nyingi mtumbwi uliowabeba una moteri ya hors-bord nyuma yake.

Mtu anayetaka kuingia katika biashara hiyo hukutana na swali gumu mapema sana. Anunue moteri ya nguvu gani? Ya farasi 15, ya farasi 40, au ile kubwa ya 60 na zaidi? Nguvu nyingi huvutia macho. Lakini bei yake ni kubwa, inakunywa esansi nyingi, na ikizimika katikati ya ziwa haina faida kuliko kasia. Kuna familia zilizoweka akiba ya miaka katika chombo hicho kimoja, na nyingine zimekopa. Moteri ikifa, biashara inakufa pamoja nayo, na deni linabaki.

Swali hilo lina zaidi ya miaka 100. Alilishika tangu mwanzo fundi mmoja mzaliwa wa Norwe aliyeishi Marekani, Ole Evinrude. Kuna waliotengeneza hors-bord kabla yake, akiwemo Cameron Waterman wa Detroit, lakini Evinrude ndiye aliyeifanya kuwa chombo cha kazi kinachonunuliwa na watu wengi. Alifariki mwaka wa 1934. Maisha yake, na yale yaliyolipata jina lake baada ya kifo, yana mengi ya kumwambia mnunuzi wa leo.

Mtoto wa wahamiaji

Ole alizaliwa tarehe 19 Aprili 1877 katika eneo la Gjøvik, nchini Norwe. Alikuwa na umri wa miaka mitano hivi wazazi wake walipohamia Marekani na kukaa katika jimbo la Wisconsin, karibu na mji mdogo wa Cambridge. Alikuwa mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto 11. Shule hakuisoma sana, maana shamba lilihitaji mikono na baba hakuwa na uwezo.

Kijiji chao kilikuwa kando ya ziwa dogo linaloitwa Ripley. Husimuliwa kwamba kijana Ole alijaribu kutengeneza mashua yake mwenyewe, na baba yake, aliyeona kazi hiyo kama kupoteza wakati, akaiharibu. Kijana akaanza nyingine kwa siri. Ilipomalizika na kuelea vizuri, baba alinyamaza, na mtoto akaanza kubeba abiria ziwani kwa malipo. Hiyo ilikuwa pesa yake ya kwanza kutoka majini.

Alipofika miaka 16 aliondoka nyumbani na kwenda Madison, mji mkuu wa jimbo, kutafuta kazi ya ufundi. Mchana alifanya kazi katika atelie za mashine, usiku alisoma vitabu vya hesabu na vya ufundi peke yake. Baadaye alizunguka viwanda vya Pittsburgh na Chicago, kisha akakaa Milwaukee.

Kazi aliyoijua zaidi ilikuwa ya kuchonga modeli za mbao zinazotumiwa kutengeneza kalibu za kumwagia chuma. Likasi, mji wenye atelie za Panda, haihitaji maelezo marefu juu ya kazi hiyo. Aliyewahi kufanya kazi katika fondri anajua kwamba modeli ikikosewa kidogo tu, kipande chote cha chuma kinatupwa. Mtu anayetoka katika shule ya namna hiyo hujifunza kupima mara mbili kabla ya kumwaga chuma, na Evinrude alikuwa mtu wa namna hiyo maisha yake yote.

Mwaka wa 1900 alifungua kampuni ya kutengeneza injini pamoja na mwenzake aliyeitwa Clemick. Haikudumu. Alijaribu tena na washirika wengine, akashindwa tena. Chuma alikijua sana, lakini mikataba, madeni na wateja vilimsumbua.

Glase iliyoyeyuka

Karibu na atelie yake aliishi msichana aliyeitwa Bess Cary, aliyekuwa amesomea kazi ya ofisi. Alianza kumsaidia kuandika barua na kupanga hesabu, na mwaka wa 1906 wakaoana.

Hadithi ya mwanzo wa moteri yake inajulikana na wapenzi wote wa mashua. Siku moja ya joto kali, Ole, Bess na rafiki zao walikuwa wakipumzika kwenye kisiwa cha ziwa moja karibu na Milwaukee. Bess akatamani glase. Ole akachukua mashua na kupiga kasia kilomita kadhaa hadi ng'ambo, akainunua na kurudi kwa kasia. Alipofika, glase ilikuwa imeyeyuka. Wakati anapiga kasia kwa jasho ndipo alipofikiri juu ya injini ndogo ya kufunga nyuma ya mashua.

Wazo hilo halikuwa la kuchezea. Mvuvi au mfanyabiashara yeyote wa pande zetu anaelewa shida yake: mzigo unaharibika kwa sababu njia ya majini ni ndefu na mikono imechoka. Wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Kasenga wakati wa ukoloni walipambana na jambo hilohilo. Walitumia barafu na mashua zenye injini ili samaki wa Luapula na Moero wafike katika miji ya migodi wakiwa bado wazuri.

Evinrude alimaliza moteri yake ya kwanza karibu na mwaka wa 1907. Bess alipoiona alisema inafanana na kinu cha kusagia kahawa. Mumewe aliitengeneza upya, akaipunguza na kuiimarisha. Mwaka wa 1909 alimpa rafiki mmoja aijaribu siku ya mapumziko. Husimuliwa kwamba rafiki huyo alirudi na maombi ya watu kumi, na pesa taslimu mkononi.

Moteri hiyo ya mauzo ya kwanza ilikuwa na nguvu ya farasi moja na nusu, uzito wa kilo 28 hivi, na bei yake ilikuwa dola 62. Leo nguvu hiyo inachekesha. Lakini iliwaka, ilisukuma mashua, na mtu mmoja aliweza kuibeba begani hadi nyumbani.

Bess na kitabu cha hesabu

Kama Ole angebaki peke yake, huenda kampuni hii nayo ingekufa kama zile za kwanza. Bess ndiye aliyeandika matangazo ya magazeti, akiwaalika watu waache kasia. Ndiye aliyejibu barua za wateja, aliyefuatilia malipo, na aliyetafuta masoko ya nje hadi moteri zikaanza kwenda kwa wavuvi wa Skandinavia. Mume alikaa na mashine, mke akakaa na hesabu.

Pesa ya kukuza kiwanda ilitoka kwa Chris Meyer, mwenye kampuni ya mashua za kuvuta meli, aliyeweka dola 5,000 na kuchukua nusu ya biashara. Hati ya uvumbuzi ilitolewa mwaka wa 1911. Kufikia mwaka wa 1912 kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wapatao 300.

Lakini kazi hiyo ilimchosha Bess, na afya yake ikaharibika. Karibu na mwaka wa 1914 Ole alimwuzia Meyer sehemu yake yote, akakubali kutofanya biashara ya hors-bord kwa muda wa miaka mitano. Jina Evinrude likabaki kiwandani, mwenyewe akaondoka. Alimchukua mke na mtoto wao Ralph, wakawa wanasafiri.

Wakati uleule, huku Katanga

Ilikuwa katika miaka hiyo ya mapumziko yake ambapo watu wa Katanga waliona mashua mbili za injini zikipita nchi kavu. Mwezi wa Julai 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walizifikisha Elisabethville kwa treni kutoka Cape Town. Ziliitwa Mimi na Toutou, na kiongozi wa safari alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Lengo lilikuwa kupambana na meli za Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika.

Kila mashua ilikuwa na injini mbili za petroli, kila injini nguvu ya farasi 100, zimefungwa ndani ya mashua yenyewe. Zilipita pande hizi zetu kwa reli hadi Fungurume, ambako reli iliishia wakati huo. Kutoka hapo zilivutwa kuvuka milima ya Mitumba kwa matrakta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu wengi sana waliokata miti na kujenga madaraja. Zikafika Sankisia, zikapelekwa Bukama, zikashuka Lualaba hadi Kabalo, kisha zikaenda kwa treni upande wa ziwa. Zilifika mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 26 Desemba zikaiteka meli ya Kijerumani iitwayo Kingani.

Kwa serikali yenye vita, gharama ya namna hiyo ililipwa. Mvuvi hawezi kuilipa. Injini yenye nguvu nyingi iliyofungwa ndani ya chombo kikubwa inahitaji chombo chenyewe, njia, mafundi na pesa. Moteri ya Evinrude ilikuwa na nguvu ndogo mno ukilinganisha na hizo, lakini mtu aliweza kuitoa kwenye mtumbwi mmoja na kuifunga kwenye mwingine, au kuipeleka kwa fundi kwenye baiskeli. Hiyo ndiyo sababu hors-bord ilienea kwenye maziwa na mito ya watu wa kawaida.

Moteri nyepesi

Miaka mitano ya makubaliano ilipokaribia kwisha, Ole alikuwa tayari na moteri mpya. Ilikuwa na silinda mbili badala ya moja, na sehemu nyingi alizitengeneza kwa aluminyumu. Nguvu yake ilikuwa farasi tatu, mara mbili ya ile ya 1909, lakini uzito wake ulikuwa kilo 22 hivi. Kwa kuwa silinda mbili zilisawazishana, haikutikisa mashua kama ile ya zamani.

Aliipeleka kwanza kwa Meyer. Meyer akaikataa. Basi Ole na Bess wakaanza upya, wakaunda kampuni mpya mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakaiita Elto. Hawakuweza kutumia jina lao wenyewe, kwa sababu lilikuwa limeuzwa. Kwa hiyo Evinrude alishindana sokoni na Evinrude. Elto iliwavuta wateja wengi, maana ilikuwa nyepesi na rahisi kutumia.

Mshindani mwingine aliingia mwaka wa 1922: ndugu wa familia ya Johnson, wa jimbo la Indiana. Katikati ya miaka ya 1920 walitoa moteri ya farasi sita iliyoweza kunyanyua mashua ndogo juu ya maji na kuikimbiza. Watu walishangaa, na mashindano ya nguvu yakaanza. Kila kiwanda kilitaka kutangaza farasi wengi kuliko jirani. Mwaka wa 1928 Elto nayo ilitoa moteri ya silinda nne, yenye nguvu ya farasi 18. Katika miaka 20 hivi hors-bord ilikuwa imeongezeka nguvu mara 12.

Mwaka wa 1929 kampuni tatu, yaani Elto, kampuni ya zamani ya Evinrude na Lockwood, ziliunganishwa. Nyuma ya mpango huo alikuwapo Stephen Briggs, mmoja wa waanzilishi wa Briggs & Stratton. Ole akawekwa kuwa mkuu, na hivyo akakutana tena na jina lake.

Haikupita miezi mingi uchumi wa dunia ukaanguka. Watu waliopoteza kazi hawakununua moteri. Johnson, waliokuwa wamepanua kiwanda sana wakati wa neema, walianguka kabisa. Kampuni ya Ole ilibaki imesimama kwa shida. Bess alifariki mwaka wa 1933. Ole alimfuata tarehe 12 Julai 1934, akiwa na umri wa miaka 57. Mtoto wao Ralph alishika kazi, na karibu na mwaka wa 1936 Johnson na Evinrude wakawa chini ya paa moja.

Jina lililoangushwa na moteri kubwa

Kwa miaka mingi kampuni hiyo, iliyokuja kuitwa Outboard Marine Corporation, ilikuwa miongoni mwa wakubwa wa dunia. Moteri ziliendelea kukua: farasi 50, kisha 100, kisha 200 na zaidi. Wajapani nao wakaja. Yamaha ilitoa hors-bord yake ya kwanza mwaka wa 1960, na baadaye ikatengeneza aina ya Enduro kwa ajili ya watu wanaofanya kazi nayo kila siku katika mazingira magumu.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 Outboard Marine ilileta mfumo mpya wa kuingiza esansi moja kwa moja kwenye silinda, ulioitwa Ficht. Lengo lilikuwa zuri: kupunguza moshi na matumizi ya esansi. Uliwekwa kwenye moteri kubwa, kuanzia farasi 150. Lakini ulitoka kabla haujakomaa. Moteri nyingi ziliharibika, wateja wakadai fidia, na wauzaji wakapoteza imani. Mwezi wa Desemba 2000 kampuni ilifilisika. Bombardier ya Kanada ilinunua jina, ikarekebisha mfumo, lakini mwaka wa 2020 utengenezaji wa moteri za Evinrude ulisimamishwa.

Jina lililojengwa na moteri ya farasi moja na nusu iliyowaka kila ilipohitajika liliangushwa na moteri zenye nguvu mara 100 ambazo hazikuaminika.

Hesabu ya mnunuzi

Anayepima moteri leo, awe Tshangalele, Moero au Tanganyika, anaweza kuchukua hesabu nne kutoka katika maisha haya.

Hesabu ya kwanza ni esansi. Moteri ya farasi 40 ikifunguliwa hadi mwisho hunywa zaidi ya litri 15 kwa saa, na zile za mipigo miwili, zinazochanganywa esansi na mafuta, huzidi hapo. Katika kazi ya kila siku, pesa ya esansi huipita bei ya moteri yenyewe baada ya muda usio mrefu. Kwa hiyo moteri ya bei nafuu yenye ulaji mkubwa inaweza kuwa ghali kuliko ile iliyoonekana ghali dukani.

Hesabu ya pili ni chombo chenyewe. Mtumbwi mrefu uliojaa mzigo una mwendo wake wa mwisho. Ukiufikia, nguvu unayoongeza inaishia kusukuma mawimbi na kumaliza esansi. Nguvu kubwa hufaa mashua nyepesi yenye tumbo bapa, inayoweza kunyanyuka juu ya maji. Tena, kwenye ziwa la kina kifupi lenye majani mengi kama Tshangalele, elisi kubwa hujifunga na kugonga chini upesi, na mara nyingi mti wa kusukumia na kasia bado vina kazi. Kumbuka pia kwamba pande zetu ziko juu: kila mita 1,000 za kimo huondoa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya injini ya kawaida.

Hesabu ya tatu ni fundi na piesi. Moteri mpya yenye kompyuta ndani inaweza kuwa nzuri na isiyokula sana. Lakini kama fundi wa karibu hana chombo cha kuisoma, kosa dogo litaiweka chini kwa miezi. Moteri ya zamani ambayo buji, pampu ya maji na karbirateri yake vinapatikana, na ambayo vijana wa bandarini wanajua kuifungua, huleta pesa nyumbani hata kama inatoa moshi. Afadhali kuuliza kwanza ni moteri gani wengine kwenye ziwa hilohilo wanatumia, na kwa muda gani.

Hesabu ya nne ndiyo ya Bess. Moteri inapaswa kuwa na kitabu chake: esansi iliyoingia, mzigo uliotoka, piesi zilizobadilishwa, siku ilizolala. Mwenye kitabu hicho atajua mapema kama chombo chake kinamlisha au kinamla. Ole Evinrude alikuwa fundi hodari, na kampuni zake za kwanza zilikufa zote. Ile iliyoishi ni ile ambayo mtu mwingine nyumbani alikaa usiku na kuandika hesabu.